Reali ya 1780 haisomwi kwa mwaka wake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ikiwezekana barua hii isikatwe sana, kwa sababu kiini chake kiko kwenye vipimo.

Kila anapojitokeza mtu hapa Tabora na sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha mwanamke mnene aliyejifunika ushungi, habari yake huandikwa vilevile: sarafu ya mwaka 1780, ina zaidi ya miaka mia mbili. Siku mbili hazipiti, madalali wako mlangoni kwake. Mmoja anaahidi mamilioni, mwingine anataka kuinunua kwa uzito kama chuma chakavu. Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: wamesoma mwaka, hawakuisoma sarafu.

Mwanamke huyo ni Maria Theresia, malkia wa Austria aliyefariki tarehe 29 Novemba 1780. Sarafu yake hiyo, ambayo huku huitwa reali, ilikuwa imeshazoeleka sokoni kuanzia Bahari ya Shamu hadi pwani yetu, na wafanyabiashara waliikataa ikibadilishwa hata kidogo. Kwa hiyo viwanda vya sarafu viliendelea kuipiga kwa sura ileile na mwaka uleule. Ilipigwa Günzburg, Vienna, Milan, Venice na Prague. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini ilipewa haki ya kuipiga na mihuri ikahamishiwa Rome. Waingereza nao wakaanza kuipiga London mwaka 1936, kisha ikapigwa Brussels, Paris, Bombay na Birmingham. Vienna inaipiga hadi leo kwa ajili ya watalii na wakusanyaji. Zote zimeandikwa 1780. Iliyotoka Günzburg muda mfupi baada ya msiba na iliyotoka London wakati wa Vita Kuu ya Pili zinaweza kukaa kwenye sanduku moja la bibi huko Kanyenye, na asiyejua akaziona mapacha.

Kinachozitofautisha ni muhuri. Nasema muhuri kwa maana ya kile kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyumenyume. Kisahani cha fedha huwekwa kati ya mihuri miwili, mmoja wa kichwa na mwingine wa tai, kikagandamizwa kwa nguvu hadi picha ikatokeza. Muhuri huchoka. Hupasuka, hung'arishwa upya, huguswa kwa patasi na fundi, na mwisho hutengenezwa mwingine ambao haulingani na wa kwanza kwa kila unyoya. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayomwambia mtu sarafu yake ilitoka wapi na lini.

Kabla ya kuhangaika na mihuri, kwanza hakikisha ulichoshika ni fedha. Reali kamili ina uzito wa gramu 28.07, kipenyo cha takriban milimita 40, unene wa kama milimita 2.5. Fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000, iliyobaki ni shaba, kwa hiyo fedha halisi ndani yake ni gramu 23.39. Sumaku haitoshi. Inakamata chuma, lakini shaba nyeupe, shaba ya njano na risasi zote zinaipita sumaku bila kushtuka, na reali nyingi za bandia zimetengenezwa kwa hizo.

Kipimo cha maji ndicho kinachosema kweli, na sonara yeyote mwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu anaweza kukifanya kwa dakika tano. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini huku umeishikilia, isiguse chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo. Kwa reali ya kweli itakuwa karibu na 2.75. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo, jibu liwe kama 10.2. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itaonyesha kama 3.3 majini, ya shaba nyeupe kama 3.15, ya risasi chini ya 2.5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hata reali iliyosagika ikapungua nusu gramu bado itatoa 10.2, kwa sababu kinachopimwa ni madini yenyewe.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu ya hewa. Yakiganda chini ya sarafu, namba ya majini inapanda na fedha nzuri inaonekana bandia. Ichovye, itikise, itoe, ichovye tena. Sarafu ikigusa chini ya glasi, mizani itabeba uzito wake wote na namba itakuwa upuuzi. Na kama ina kitanzi kilichochomelewa kwa risasi, usitegemee jibu. Madini ni mawili na hesabu imechanganyika.

Vitanzi vyenyewe ni vingi huku kwetu, na vina sababu. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani huku Tabora, ilifanya biashara ya bara kwa nguo, shanga na waya wa shaba. Reali ilikuwa zaidi ni hesabu ya pwani. Iliyofika huku mara nyingi iliyeyushwa ikawa bangili, au ikatobolewa ikavaliwa shingoni. Reali iliyotobolewa hushuka thamani sana kwa mkusanyaji anayejali hali ya sarafu. Lakini usiizibe tundu! Tundu lililozibwa huonekana chini ya kioo kama duara lisilo na mistari ya ushungi, na mnunuzi akishaliona atashuku hata yale yaliyo salama.

Sasa mihuri. Unahitaji kioo cha kukuzia mara kumi, kile cha masonara, na taa moja tu iliyo upande. Taa ya dari haifai, kwa sababu inafuta vivuli, na vivuli ndivyo unavyovisoma. Shika sarafu kwa ukingo, igeuze polepole chini ya taa hiyo.

Upande wa kichwa, anza na bizimu iliyo begani. Ina lulu kuizunguka. Kwenye reali za Vienna za siku hizi ni tisa. Wafanyabiashara wa zamani walizihesabu kabla ya kupokea, na reali ambayo lulu zake zimesagika ilirudishwa. Hesabu pia lulu za kichwani, angalia jinsi mikunjo ya ushungi inavyoshuka, kisha shuka chini ya kifua utazame herufi S.F. Hizo ni alama za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Zilibaki kwenye mihuri ya viwanda vingine, kwa hiyo kuziona hakuthibitishi Günzburg. Angalia ukubwa wake, nafasi kati yake, na kama nukta zipo na zimekaa wapi.

Upande wa pili yuko tai mwenye vichwa viwili, na ngao kifuani. Mkia wake ndio wenye habari nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya sarafu. Hesabu manyoya ya mkia, uone lipi liko katikati, ncha zimepinda au zimenyooka, na kama kuna vinyoya vidogo vilivyochungulia kati ya vikubwa. Kisha manyoya ya mabawa, moja moja kutoka juu. Maandishi yanaishia na 1780 na alama ya X. Hiyo si herufi wala namba ya Kirumi, ni msalaba wa Burgundia ulioanza kuwekwa mwaka 1750. Pima kwa macho umbali kati ya sifuri na X hiyo, kwa sababu hutofautiana muhuri hadi muhuri.

Ukingo nao una maandishi yaliyotokeza: IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mapambo kati ya maneno. Mapambo hayo hayafanani viwanda vyote. Tena hapa ndipo bandia ya kumimina kwenye kalibu hujifichua, kwa sababu kalibu ina pande mbili na zinapokutana hubaki mshono. Muuzaji huupiga tupa. Ukiona herufi za ukingo zimelainika huku uso wa sarafu una makali, simama hapo.

Tafadhali mtu asihukumu kwa alama moja. Lulu tisa peke yake si ushahidi, mkia peke yake si ushahidi. Kiwanda hutajwa pale ambapo bizimu, mkia, nukta na ukingo vyote vinaelekea upande mmoja.

Wamarekani nao wana mfano unaoeleweka haraka. Dola yao ya fedha iitwayo Morgan, gramu 26.73, ilianza mwaka 1878 na tai mwenye manyoya manane mkiani. Mwaka huohuo ikaamuliwa yawe saba. Baadhi ya mihuri ya manane haikutupwa. Picha ya saba ilikandamizwa juu yake. Chini ya kioo unaona manyoya saba na ncha za yale ya zamani zikijitokeza kwa chini. Wakusanyaji wa huko wameipa namba kila mihuri miwili iliyokutana, na wanaziita VAM kwa herufi za majina ya Van Allen na Mallis waliozipanga. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kupishana bei sana kwa ajili ya unyoya.

Kuna kanuni moja inayoepusha makosa mengi: kilichotokeza juu ya uso wa sarafu kimetoka kwenye muhuri, kilichozama kimetokea baadaye. Muhuri ukipasuka, fedha huingia kwenye ufa na kutoka kama mstari mwembamba ulioinuka, mara nyingi ukipita kutoka herufi hadi herufi kuelekea ukingoni. Huo ni ufa wa muhuri, una maana. Mstari uliochimbika ni mkwaruzo tu. Watu wanaleta mikwaruzo wakiiita makosa ya kiwanda. Na picha inayoonekana mara mbili? Kama ya pili ni bapa, kama ngazi iliyokatwa ubavuni mwa herufi, muhuri ulitikisika wakati wa kupiga na haiongezi kitu. Kama herufi zote mbili zina mgongo wa mviringo na pembe zake zimegawanyika, hapo muhuri wenyewe ulichongwa mara mbili.

Kuhusu hali ya sarafu, wakusanyaji wengi wanatumia namba 1 hadi 70, kipimo alichokianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu. Ya 40 imesagika kidogo kwenye vilele tu, ya 20 bado ina sehemu kubwa ya mistari yake, ya 8 imebaki na umbo na herufi. Kwa reali, vilele vinavyosagika kwanza ni bizimu, nywele zilizo juu ya sikio, mikunjo ya ushungi begani, na kwa upande wa pili manyoya ya kifua kuizunguka ngao pamoja na taji. Anza kutazama hapo.

Lakini kuna mtego. Muhuri uliochoka au shinikizo dogo huacha vilele bila mistari hata kwenye sarafu mpya kabisa. Utatofautishaje? Geuza sarafu chini ya taa. Sarafu isiyotumika ina mng'ao unaozunguka kama miale ya gurudumu, na mng'ao huo unapita hata juu ya kile kilele butu. Kilele kilichosagika hukatisha mng'ao; hubaki doa lenye rangi tofauti, la kijivu, laini kama sabuni.

Mng'ao huo ndio unaouawa na usafishaji, na hapa naandika kwa uchungu. Sarafu nzuri zinaharibiwa kila siku kwa jivu na limau, kwa mchanga, kwa dawa ya meno. Jivu na dawa ya meno zina chembe zinazochora mistari midogo sambamba uso mzima. Ukiigeuza sarafu unaiona ikimeta kwa upande mmoja tu. Limau huyeyusha shaba iliyochanganywa na fedha na kuacha uso mweupe uliokufa. Sarafu ya daraja la 40 ikitoka kwenye jivu haina tena daraja la kutajwa. Weusi wake si uchafu. Ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na juu ya sarafu ya zamani weusi uliotulia ni ushahidi kwamba haijaguswa.

Ikiwa ina mafuta au udongo, ilaze kwenye maji yaliyochujwa, yale ya kuongezea betri (yasiwe asidi ya betri, soma chupa), usiku mzima, kisha badilisha maji. Mafuta yanatoka kwa asetoni halisi. Dawa ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi ina manukato na mafuta yake yenyewe, kwa hiyo huacha utando. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko. Ukimaliza, igandamize taratibu katikati ya kitambaa laini cha pamba. Usisugue, hata mara moja.

Hifadhi yake: mifuko laini ya plastiki inayonuka kama mpira wa mvua hutoa majimaji ya kijani yanayonata na kula fedha. Mpira wa kufungia noti una salfa na huacha mstari mweusi. Na samahani, Mhariri, gazeti nalo halifai kufungia sarafu ya fedha. Karatasi na wino wake huiharakisha kuwa nyeusi. Bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi, au kijisanduku cha plastiki ngumu, inatosha, ikikaa mahali pakavu.

Siwezi kufunga bila kutaja sarafu zilizopigwa hapahapa. Mwaka 1916 Wajerumani walipozingirwa na kukosa sarafu kutoka kwao, walizipiga kwenye karakana ya reli ya Tabora, kabla Wabelgiji hawajaingia mjini tarehe 19 Septemba mwaka huo. Zina herufi T. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Mjerumani, chini ya rupia. Heller 20 za shaba na za shaba ya njano zina mihuri ya kutosha kumshughulisha mtu mwezi mzima: upande wa taji kuna taji kubwa na taji dogo, upande wa thamani, tazama herufi L mbili za neno HELLER. Kuna muhuri ambao L ya pili pekee ina ncha iliyojikunja, mwingine L zote zimejikunja, mwingine zote zina ncha kali. Heller 5 inatofautishwa kwa kitako cha taji, cha duaradufu au kilichonyooka. Rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo, gramu 7.17, zina mihuri miwili inayojulikana kwa pambo la upande wa kulia: linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA au chini ya A inayoifuata. Hiyo ya dhahabu ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, kwa hiyo kipimo cha maji kifanyike kabla ya maneno mengine.

Rupia za fedha za Mjerumani zina gramu 11.66, fedha 917 katika 1,000, na majini zionyeshe kama 1.13. Za 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Kuanzia 1904 zina DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi ndogo A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Itafute herufi hiyo kwanza, kwa sababu miaka mingine viwanda vyote viwili vilipiga. Wanaochimbua misingi ya majengo ya zamani wakitafuta rupia hizi wanaharibu kitu cha thamani kubwa kuliko wanachokitafuta. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa reali iliyotoka ardhini, swali la ilipigwa lini linakuwa pia swali la sheria, na pa kupeleka ni Idara ya Mambo ya Kale.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako akiletewa sarafu ya 1780, asiandike umri. Apige picha tatu: kichwa, tai, na ukingo wenye maandishi, taa ikiwa upande wa kushoto, rula ya milimita kando. Chini ya picha aandike uzito mkavu na namba iliyosomeka majini. Bizimu na mkia wa tai zichapwe kubwa kiasi cha msomaji kuweza kuhesabu lulu na manyoya.

Mkusanyaji wa sarafu,
Kanyenye, Tabora